Bonasi ya bima ya akiba: inavyohesabiwa, na kwa nini si riba

Kila mwisho wa mwezi walimu, wauguzi na wafanyakazi wengi wa kaunti huona kwenye hati zao za mshahara mstari wenye jina la kampuni ya bima na kiasi kilichokatwa: shilingi elfu mbili, elfu tatu, wakati mwingine zaidi. Wengi wao walianza kukatwa siku ajenti alipofika kazini wakati wa chai, akafungua karatasi yenye safu za tarakimu na kuonyesha kwa kalamu kiasi kikubwa kilichoandikwa chini kabisa. Kiasi hicho ndicho kilichobaki kichwani. Namna kilivyopatikana haikuelezwa, au ilielezwa mbio mbio kabla kengele haijalia.

Mara nyingi sehemu kubwa ya kiasi kile ilikuwa ni bonasi ambazo zilikuwa bado hazijatangazwa na mtu yeyote. Kwa sababu hiyo, mwenye bima anayesubiri pesa za karo, au anayefikiria kuivunja bima yake kabla ya wakati, anahitaji kujua bonasi hutoka wapi, lini huwa yake kweli, na hupungua vipi akiondoka mapema.

Bima ya akiba ni mkataba wa miaka inayojulikana tangu mwanzo, kwa mfano 10, 15 au 20. Mwenye bima hulipa kila mwezi. Akifariki kabla ya muda kwisha, familia yake hulipwa kima cha bima kilichoandikwa kwenye mkataba. Akiwa hai muda unapokamilika, hulipwa yeye mwenyewe. Bima nyingi za elimu zinazouzwa nchini ni za aina hii, ila baadhi hugawa malipo vipande vipande katika miaka ya mwisho ili yaendane na karo ya sekondari au chuo. Si kila bima ya akiba hupata bonasi. Mkataba lazima useme kwamba mwenye bima anashiriki faida. Kama neno hilo halimo, atakacholipwa ni kile kilichoandikwa tu. Zipo pia bima ambazo pesa zake huwekwa kwenye mfuko wa uwekezaji na thamani yake hupanda na kushuka pamoja na soko. Hizo zina hesabu yake nyingine.

Bonasi hutoka wapi

Kampuni inapopanga malipo ya mwezi hukisia mambo matatu kwa tahadhari: wangapi watafariki kabla ya muda, pesa zilizowekezwa zitazaa kiasi gani, na gharama za kuendesha bima zitakuwa kiasi gani. Hukisia vibaya kwa makusudi, kwa maana ya kujikinga. Waliofariki wakiwa wachache kuliko ilivyodhaniwa, au bondi za serikali zikilipa vizuri kuliko ilivyotarajiwa, au gharama zikidhibitiwa, mfuko hubaki na ziada. Ziada hiyo ilitokana na malipo ya wenye bima, hivyo sehemu yake hurudishwa kwao. Bonasi ni hiyo.

Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, inataka pesa za bima ya maisha zitengwe katika mfuko wake, zisichanganywe na za bima ya magari au moto. Mtaalamu wa hesabu za bima, anayeitwa aktuari, huupima mfuko huo: mali iliyopo upande mmoja, ahadi zote za miaka ijayo upande wa pili. Ni baada ya kipimo hicho tu ndipo ziada hujulikana na bonasi ikapendekezwa. Kampuni haiwezi kuamka asubuhi na kugawa bonasi kwa sababu inataka kuwafurahisha wateja.

Mwaka mzuri haugawiwi wote. Sehemu ya ziada huwekwa akiba ili mwaka mbaya usiwaguse wenye bima ghafla, jinsi mkulima asivyouza mahindi yote ya msimu mnono. Ndiyo maana soko la hisa likipanda sana bonasi hupanda kidogo, na likianguka bonasi hupungua taratibu. Anayeona bonasi yake imebaki asilimia ile ile miaka minne mfululizo asidhani kampuni imelala.

Jambo la kushika ni hili: bonasi ya mwaka ikishatangazwa na kuongezwa kwenye bima, haiwezi kunyang'anywa. Imekuwa sehemu ya kima cha bima na italipwa bima ikikomaa au mwenye bima akifariki. Bonasi ya mwaka ujao haina ahadi yoyote. Inaweza kuwa kubwa, ndogo, au isiwepo kabisa.

Asilimia nne ya nini?

Kosa linalowapata wengi huanzia hapa. Mtu husikia "bonasi ni asilimia 4" akaelewa kwamba akiba yake imezaa riba ya asilimia 4 kama ilivyo benki au katika Sacco. Sivyo. Asilimia hiyo huhesabiwa juu ya kima cha bima, wala si juu ya pesa alizolipa.

Mfano ni huu. Mwalimu amechukua bima ya miaka 15 yenye kima cha shilingi 500,000, na analipa shilingi 3,200 kwa mwezi. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Kila kampuni ina zake, na umri wa mtu nao hubadilisha malipo. Katika miaka 15 atakuwa amelipa jumla ya shilingi 576,000.

Mwaka wa kwanza analipa shilingi 38,400. Kampuni ikitangaza bonasi ya asilimia 4, anaongezewa asilimia 4 ya 500,000, yaani shilingi 20,000. Kwa macho ya haraka pesa zake zimezaa zaidi ya nusu kwa mwaka mmoja. Lakini zile 20,000 hawezi kuzigusa. Zitalipwa miaka 14 baadaye zikiwa 20,000 zile zile, na kila mtu anajua shilingi 20,000 zilinunua nini miaka 14 iliyopita.

Sasa kuna njia mbili za kuongeza bonasi mwaka hadi mwaka. Katika bonasi ya kawaida, asilimia huhesabiwa juu ya kima cha awali peke yake. Ikiwa asilimia 4 itatangazwa kila mwaka, mwalimu ataongezewa 20,000 mara 15, jumla 300,000, na bima itakomaa ikiwa shilingi 800,000. Katika bonasi limbikizi, asilimia huhesabiwa juu ya kima pamoja na bonasi zilizokwisha kuongezwa. Mwaka wa kwanza ni 20,000, wa pili 20,800, wa tatu 21,632, na kuendelea. Mwishoni bima itakuwa kama shilingi 900,470. Asilimia ni ile ile, muda ni ule ule, tofauti ni zaidi ya shilingi 100,000. Ajenti anayetaja asilimia bila kusema ni bonasi ya aina gani ametaja nusu ya habari.

Je, mwalimu huyu amepata faida kiasi gani kwa kweli? Ukizingatia kwamba pesa zake zilitoka mwezi kwa mwezi kwa miaka 15, zile 800,000 ni sawa na akiba iliyozaa asilimia 4 na kidogo kwa mwaka. Zile 900,470 ni kama asilimia 5 na nusu. Lengo la serikali la mfumuko wa bei ni asilimia 5, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 2.5. Kwa hiyo bima ya bonasi ya kawaida katika mfano huu ingejitahidi kulinda thamani ya pesa, na huenda isifaulu. Si vizuri kuificha tarakimu hii. Anayetafuta faida peke yake ana mahali pengine pa kuangalia.

Mambo mawili yanaongezwa upande wa pili wa mizani. La kwanza ni kinga. Mwalimu akifariki mwaka wa nane baada ya bonasi nane kutangazwa, familia yake italipwa 500,000 pamoja na 160,000, jumla 660,000, ilhali alikuwa amelipa shilingi 307,200 tu. Akaunti ya kawaida ya benki haifanyi hivyo kwa akiba pekee, na sehemu ya malipo ya kila mwezi ndiyo inayonunua kinga hiyo. La pili ni nafuu ya kodi. Anayelipa kodi ya mapato hupata nafuu ya asilimia 15 ya malipo ya bima ya maisha, isiyozidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Bima ya elimu hupata nafuu hiyo ikiwa muda wake ni angalau miaka 10. Kwa mwalimu wetu nafuu ni shilingi 480 kwa mwezi, hivyo bima inamgharimu 2,720. Kwa hesabu hiyo faida yake ya asilimia 4 hupanda hadi kama asilimia 6. Wapo wafanyakazi wanaokatwa bima miaka mingi bila mwajiri kupewa hati ya kuthibitisha, na nafuu hiyo huwapita.

Anayetaka kutoka katikati

Swali linaloumiza zaidi huja mwaka wa saba au wa nane. Mtoto ameitwa shule ya bweni, mzazi ameugua, au mkopo umebana, na mwenye bima anasema heri avunje bima achukue chake. Akifika kwenye kampuni anaambiwa kiasi kilicho chini ya alicholipa. Hapo ndipo maneno ya kuibiwa huanza.

Kwa kawaida bima ya akiba haina thamani yoyote ya kuvunja katika miaka ya mwanzo, mara nyingi mitatu. Malipo ya kipindi hicho yamekwenda kwa kamisheni ya ajenti, gharama za kuandikisha na kinga. Baada ya hapo thamani ipo lakini hupanda polepole, kisha kwa kasi kuelekea mwisho.

Tumchukue mwalimu wetu mwishoni mwa mwaka wa nane, akiwa na bonasi za kawaida za shilingi 160,000 zilizokwisha kutangazwa. Bonasi hizo ni zake. Lakini ni zake baada ya miaka saba. Akizitaka leo kampuni huzipunguza, kwa kuwa pesa za leo zingeendelea kuzaa hadi siku hiyo. Kama kiwango cha kupunguza ni asilimia 10 kwa mwaka, 160,000 za miaka saba ijayo ni kama 82,000 za leo. Hakuna aliyenyang'anywa, ni bei ya kuichuma embe kabla haijaiva.

Kabla ya kuvunja kuna mlango mwingine ambao maajenti huutaja mara chache: kuacha kulipa na kuiacha bima ibaki. Kima hupunguzwa kulingana na miaka iliyolipwa. Miaka 8 kati ya 15 huleta kima cha shilingi 266,667, na kuongeza bonasi za 160,000 ni 426,667, zitakazolipwa mwaka wa 15 bila mwalimu kutoa senti nyingine. Mikataba mingi haitoi bonasi mpya kwa bima iliyosimamishwa hivyo. Kwa kiwango kile kile cha asilimia 10, ahadi hiyo ya 426,667 ingekuwa na thamani ya karibu shilingi 219,000 leo. Hiki ndicho kiasi ambacho mwalimu angeweza kutegemea akivunja, au chini yake kwa kuwa kampuni huongeza makato. Alilipa 307,200.

Na je, akivumilia? Miaka saba iliyobaki itamgharimu shilingi 268,800 nyingine. Bonasi ya asilimia 4 ikiendelea kutangazwa, atapokea 800,000 badala ya 426,667, yaani 373,333 zaidi. Pesa za miaka hiyo saba zingekuwa zimezaa kama asilimia 9 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya faida ya bima nzima. Sababu ni kwamba gharama za mwanzo zimeshalipwa, na bonasi zinaendelea kuhesabiwa juu ya kima chote. Bima ambayo mtu hangeshauriwa kuianza leo inaweza kuwa ile ile ambayo angeshauriwa kuimaliza.

Kama shida ni ya muda mfupi, mikataba mingi huruhusu mkopo kutoka kampuni yenyewe, bima ikiwa dhamana. Kinga hubaki na bonasi huendelea. Riba nayo huendelea, na deni likipita thamani ya kuvunja bima hufutwa. Mwenye deni la simu linalotoza riba kubwa kila mwezi anaweza kupata nafuu kwa mkopo wa bima, na wakati mwingine hata kwa kuivunja. Hiyo ni hesabu ya kufanywa kwa kalamu, karatasi mbili zikiwa kando kwa kando, na kampuni inapaswa kuombwa tarakimu zote tatu kwa maandishi: ya kuvunja, ya kusimamisha malipo na ya mkopo.

Bonasi ya mwisho

Baadhi ya kampuni huongeza bonasi nyingine siku bima inapokomaa. Hii ni tofauti na zile za kila mwaka. Haiongezwi kwenye bima mapema, haina ulinzi, na kampuni inaweza kuipunguza au kuiondoa hata mwezi mmoja kabla ya siku. Kwenye karatasi ya makadirio hujumlishwa pamoja na nyingine kana kwamba zote ni sawa.

Kisa kinachotajwa sana na watu wa bima ni cha Equitable Life ya Uingereza, iliyoanzishwa mjini London mwaka wa 1762 na mojawapo ya kampuni za kwanza kabisa kugawa bonasi. Karne mbili baadaye ilikuwa imewaahidi baadhi ya wateja kiwango maalumu cha pensheni. Riba sokoni iliposhuka ahadi hiyo ikawa ghali, na kampuni ikajaribu kuwapunguzia wateja hao bonasi ya mwisho ili kufidia. Julai 2000 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikataa. Desemba mwaka huo kampuni iliacha kupokea wateja wapya, na Julai 2001 ikapunguza thamani ya akiba za pensheni kwa asilimia 16. Wengi walidhani bonasi ya mwisho waliyoiona kwenye taarifa zao ilikuwa yao tayari.

Mstari unapotoweka

Hatari ya karibu zaidi kwa wakazi wa kaunti ni nyingine. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara. Tangu tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na mchango wa afya wa asilimia 2.75 vianze kukatwa, wafanyakazi wenye mikopo mingi wamejikuta karibu na mpaka huo. Hati ya mshahara ikijaa, makato ya hiari kama bima yanaweza kuachwa, na mfanyakazi aliyezoea kuangalia tarakimu ya chini tu asigundue.

Mwajiri asipopeleka malipo, bima haisubiri. Kwa kawaida kuna siku 30 za hisani. Baada ya hapo bima changa hufa, na iliyokomaa kidogo husimamishwa kwa kima kilichopunguzwa. Mfanyakazi akifariki katika kipindi hicho, familia huenda ikaambiwa hakuna kinga. Bima iliyokatika huweza kufufuliwa kwa kulipa malimbikizo na riba, na pengine kuthibitisha afya upya. Ni rahisi zaidi mwezi wa pili kuliko mwaka wa pili. Aliyeona mstari umetoweka anaweza kuendelea kulipa mwenyewe kwa simu au benki huku mambo ya mshahara yakirekebishwa.

Kampuni inapaswa kumpa mwenye bima, akiomba, taarifa inayoonyesha kima, bonasi zilizotangazwa mwaka kwa mwaka na aina yake. Taarifa hiyo ikilinganishwa na makadirio ya siku ya kuandikishwa huonyesha mara moja kama kiasi kile cha chini kabisa bado kinafikika. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni kwa maandishi. Yasiposhughulikiwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, yenye makao yake Upper Hill, Nairobi. Mamlaka hiyo ndiyo pia inayotoa leseni kwa kampuni na maajenti, na orodha ya walio na leseni huwekwa wazi kwa umma.

Bima iliyokomaa bila mtu kujitokeza haibaki kwa kampuni milele. Sheria ya mwaka 2011 inataka pesa zisizodaiwa zipelekwe kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA, ambako mwenyewe au warithi wake wanaweza kuzidai wakiwa na vitambulisho na nambari ya bima. Nambari hiyo imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, ambao katika nyumba nyingi umelala kwenye bahasha ambayo ni mtu mmoja tu anayejua ilipo.